Kumhudumia mzee ni kazi ya kusomewa

KUNA maneno matatu ambayo karibu kila nyumba huyatamka bila kufikiri: "Ni uzee tu." Mzee akiacha kula, ni uzee tu. Akianguka akienda msalani usiku, ni uzee tu. Akianza kuwaita kwa majina watu waliozikwa zamani, hapo hata daktari haitwi. Ni uzee tu, na watoto walio Nairobi wanaarifiwa wajiandae.

Mimi nami niliyasema maneno hayo, na niliyasema juu ya mama yangu mzazi.

Mama anaishi Embu, upande wa juu wa Runyenjes, mahali kahawa inapoishia na chai inapoanzia. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 78 kwa hesabu ya kitambulisho, ingawa mwenyewe hushikilia kwamba aliyemwandikisha alimwibia miaka mitatu. Alikuwa bado akichuma chai yake kwa mikono yake. Kisha ndugu yangu akanipigia simu kusema kwamba mama amebadilika: hali chakula, analala mchana kutwa, usiku anazungumza na dada yake aliyefariki mwaka wa 1984, na mara mbili amejikojolea. Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Mhudumu aliyetupokea alimtazama, akatazama mwaka wa kuzaliwa, akatuambia kwa upole kabisa kwamba umri umekwenda, tumrudishe nyumbani tumtunze. Hakumpima joto. Hakuuliza anatumia dawa gani. Nasi hatukuuliza kitu, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kujiambia vivyo hivyo.

Aliyemwokoa mama ni binti wa jirani, ambaye alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha uuguzi huko Meru. Alikuja kumsalimu tu. Alipiga magoti kando ya kitanda ili macho yake yawe sawa na ya mama, akamwita cucu, akamshika mkono. Halafu akatugeukia na kutuuliza swali moja: "Hali hii ilianza lini?"

Ndugu yangu akajibu kwamba ilianza Jumatatu.

Yule binti akasema, "Uzee hauanzi Jumatatu."

Akamtazama ulimi, ukawa mkavu kama karatasi. Akauliza rangi ya mkojo, akaambiwa ni kama chai ya rangi. Akaomba aonyeshwe kila dawa iliyo ndani ya nyumba, na chini ya mto akapata pakiti ya Piriton. Mama alikuwa amepatwa na mafua, akanunuliwa vidonge hivyo dukani, na kwa kuwa vilimpa usingizi mzuri akaendelea kuvimeza kila usiku kwa majuma mawili. Siku hiyo hiyo tulimpeleka hospitali nyingine tukiwa na maelezo hayo yameandikwa kwenye karatasi. Alikutwa na maambukizi ya njia ya mkojo na upungufu mkubwa wa maji mwilini. Alitibiwa, vidonge vya mafua vikatupwa, na baada ya siku kumi alikuwa akiuliza ni nani aliyekuwa akimchumia chai yake, na kwa nini amechuma vibaya.

Baba yetu alifariki miaka miwili kabla ya hayo. Naye alibadilika ghafla, naye tulisema ni uzee tu. Alikuwa na nini, hatutajua kamwe. Hakuna aliyeuliza ilianza lini.

Elimu yenyewe

Alichokuwa nacho yule binti, na ambacho sisi hatukuwa nacho, si upendo. Upendo sote tulikuwa nao. Alikuwa na elimu, na elimu hiyo ina jina lake: jerontolojia, yaani taaluma inayochunguza uzee wenyewe, jinsi mwili, akili na maisha ya mtu katika jamii yanavyobadilika kadiri miaka inavyosonga. Jina hilo lilitungwa mwaka wa 1903 na mwanasayansi Élie Metchnikoff, mzaliwa wa dola ya Urusi aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Pasteur mjini Paris. Miaka sita baadaye daktari mmoja wa New York, Ignatz Nascher, akapendekeza jina la tawi la pili, ambalo ni tiba ya wazee. Alitaka wazee wawe na tiba yao kama vile watoto walivyo na yao.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni hii. Tiba ya wazee ni kazi ya daktari na muuguzi. Jerontolojia ni pana zaidi: inamhusu pia afisa wa ustawi wa jamii, mchungaji, mwanasheria, fundi anayejenga choo, na msichana anayeajiriwa kumpikia bibi uji.

Kisa ninachokipenda katika historia ya taaluma hii kilitokea Uingereza. Mwaka wa 1935 daktari Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex jijini London, alikabidhiwa wodi za jengo la karibu lililokuwa makao ya maskini. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee, ambao walikuwa wamelazwa tu. Hakuna aliyekuwa amewachunguza vizuri. Walikuwa wazee, na mzee hulala. Daktari huyo aliwapima mmoja mmoja, akawatenganisha kwa magonjwa yao, akapaka kuta rangi, akaweka vyuma vya kushikilia, akawaamrisha watolewe kitandani na kufunzwa kutembea upya. Wengi waliodhaniwa kuwa wanangoja kufa walirudi nyumbani kwao. Madaktari wa leo wa wazee, popote walipo, ni wajukuu wa mama huyo.

Hapa kwetu madaktari waliobobea katika tiba ya wazee ni wachache mno, ilhali wazee wanaongezeka. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi, yaani takriban watu sita katika kila mia. Katika kaunti ya Meru, yenye watu zaidi ya milioni 1.5, na Embu, yenye watu zaidi ya laki sita, utawakuta wengi katika mashamba ya kahawa na chai ambako vijana wameondoka. Nenda siku yoyote kwenye kituo cha kupokelea majani ya chai utazame mikono inayomwaga vikapu.

Anachojifunza mwanafunzi

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hufundishwa ni kwamba ugonjwa wa mzee huvaa nguo za kuazima. Kijana mwenye homa ya mapafu atakohoa na mwili utamchemka. Mzee anaweza kuwa nayo bila joto na bila kikohozi cha maana. Utakachoona ni kwamba ameanguka mara mbili, au amekataa uji, au ameanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mshtuko wa moyo unaweza kumjia bila maumivu ya kifua, akabaki anahema na kulalamika kwamba amechoka. Hata kiu hupungua. Mzee anaweza kukauka maji na asihisi hamu ya kunywa, kwa hivyo swali la "Cucu, una kiu?" halisaidii; mpe kikombe mkononi.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kama kulivyompata mama, ni jambo tofauti kabisa na ugonjwa wa kusahau unaokuja polepole kwa miezi na miaka. Cha ghafla ni dharura. Kina chanzo chake, na aghalabu chanzo hicho kinatibika: maambukizi, ukosefu wa maji, choo kigumu cha siku nyingi, mkojo uliokwama, sukari iliyoshuka au dawa. Mtu akikwambia kwamba juzi mzee alikuwa mzima na leo hajui yuko wapi, usimwachie kalenda.

Jambo la pili ni dawa. Figo na ini la mzee hufanya kazi taratibu, kwa hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Vidonge vya kisukari vya glibenklamidi vinaweza kumshushia sukari hadi akaonekana kama mlevi, hasa siku ambayo amemeza dawa na asile. Tembe za maumivu kama diklofenaki, ambazo katika soko lolote huuzwa kama njugu, zinaweza kumtoboa tumbo, kumwumiza figo na kumpandishia shinikizo la damu, wakati huo huo anapomeza dawa nyingine ya kulishusha. Mwanafunzi mzuri akiingia nyumbani kwa mzee huomba mfuko wa dawa kabla ya kuomba kiti. Hufungua kila kitu, pamoja na za mitishamba, na kuandika.

Na katika sehemu zetu ataongeza swali ambalo halimo katika vitabu vya ng'ambo: je, mzee anatafuna? Kule Igembe ni miraa, na upande wa Mbeere ni muguka. Zote huondoa njaa, huzuia usingizi na kuupandisha mpigo wa moyo na shinikizo la damu. Nimewasikia watu wakishangaa kwamba baba amekonda na halali usiku, akapewa dawa ya usingizi, na hakuna aliyehesabu kilo za majani anayoyatafuna tangu alasiri. Si lazima umnyang'anye. Lakini lazima ujue.

Shinikizo lenyewe lipimwe akiwa amelala, kisha apimwe tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Likishuka kwa 20 au zaidi katika ile namba ya juu, umepata sababu ya kizunguzungu chake cha asubuhi, na huenda umezuia mfupa wa nyonga kuvunjika. Kipimo hicho hakihitaji mashine yoyote ya ziada, ila subira tu. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini na kuwapa mifuko ya vifaa, mashine ya kupima shinikizo imefika hata vijijini. Muulize wa kijiji chako ampime mzee akiwa amesimama pia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo limeandaa uchunguzi mfupi ambao hata asiye daktari anaweza kuufanya. Nitauelezea kwa kuwa unaweza kuujaribu jioni hii. Mpe mzee maneno matatu ya kawaida ayakumbuke, mathalani jembe, kikapu na mbuzi. Muulize leo ni tarehe ngapi na hapa ni wapi, kisha mwambie ayarudie yale maneno matatu. (Kwa maoni yangu, mzee ambaye hajawahi kuishi kwa tarehe aulizwe pia siku ya soko, asihesabiwe mjinga kwa kukosa kalenda.) Halafu mwambie afumbate mikono kifuani na asimame kutoka kwenye kiti mara tano mfululizo bila kushikilia kitu, nawe ukitazama saa. Akipita sekunde 14, miguu yake inahitaji kuangaliwa. Uliza kama amepungua zaidi ya kilo tatu katika miezi mitatu, au kama nguo zimeanza kumpwaya, na kama ameacha kupenda chakula. Jaribu macho yake, kwa mbali na kwa karibu. Simama nyuma yake na umnong'oneze maneno kwa umbali wa mkono mmoja, uone kama anasikia. Muulize kama katika majuma mawili yaliyopita amekuwa na huzuni au amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda. 

Ukimaliza utashangaa. Wazee wengi wanaoitwa wasahaulifu hawasikii tu. Wengine wanaosemekana wamejitenga na watu wana mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi.

Wapo, hata hivyo, wanaosahau kwa ugonjwa, na ugonjwa huo, ambao wataalamu huuita dimenshia, si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Wala si uchawi. Mnamo Oktoba 2021, katika kijiji cha Nyagonyi eneo la Marani, Kisii, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Sidai kujua hali ya akina mama hao. Ninachojua ni kwamba mzee mwenye dimenshia anaweza kutoka usiku akapotea, akakutwa alfajiri kwenye boma la watu bila nguo, asiweze kueleza alikotoka. Kijiji ambacho hakina hata mtu mmoja aliyefundishwa jambo hilo kitatafuta maelezo yake chenyewe.

Somo ambalo halimo kitabuni

Nimesoma vitabu kadhaa vya kuwafunza wahudumu, vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani. Vinaeleza vizuri jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na jinsi ya kumwogesha kitandani. Havielezi utakavyofanya ikiwa mgonjwa ni mzee wa Njuri Ncheke na mwogeshaji ni msichana wa miaka 22.

Jambo hilo si dogo. Katika Meru na Embu mkwe wa kiume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali, na binti hamwoni babake uchi. Nimejua familia ambamo mzee alikaa na uchafu siku tatu, si kwa kukosa watoto, bali kwa sababu aliyekuwa nyumbani ni mke wa mwanawe, na wote wawili waliona heri kufa kuliko aibu hiyo. Muuguzi mmoja mkongwe wa Meru alinieleza mbinu zake. Kwanza huuliza, "Juju, ungependa nani akusaidie?" na hungoja jibu hata likichukua dakika tano. Pili humfunika leso mwili mzima na kuosha kiungo kimoja kimoja chini yake, huku sehemu za siri akimwachia mzee mwenyewe ajioshe kwa mkono wake ikiwa anaweza. Tatu, na hili ndilo lililonifurahisha, hutafuta mjukuu. Kwa Waembu, na kwa Wameru wengi pia, mtoto hurithi jina la babu au bibi yake. Wawili hao hutaniana kama marika. Mjukuu mwenye jina la babu anaweza kufanya kwa mzaha kazi ambayo baba yake hawezi kuifanya hata kwa kulipwa.

Kadhalika lugha. Ugonjwa wa kusahau aghalabu hufuta kwanza lugha iliyojifunzwa ukubwani, na kuacha ile ya utotoni. Mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza miaka 30 anaweza kubaki na Kimeru peke yake. Mwanafunzi aliyelelewa mjini, asiyejua hata kuitikia "Muga", atamwandika kuwa hasemi.

Halafu kuna umri. Wazee wengi walizaliwa bila cheti, na mwaka ulio kwenye kitambulisho ulikadiriwa na karani. Hilo lina maana ya pesa, kwa kuwa mpango wa Inua Jamii huwalipa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Mhudumu aliyefunzwa huuliza kwa matukio. Ulikuwa na umri gani watu walipohamishiwa vijijini wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1954 na 1955? Wakati wa uhuru, 1963, ulikuwa umeolewa? Katika njaa ya 1984 ulikuwa na wajukuu? Kwa wanaume wa Meru atauliza pia nthuki, yaani rika la tohara, na hapo mzee atakaa wima, atacheka, na utajua mengi zaidi ya umri.

Ni ajabu kidogo kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimejengwa Nchiru, mahali pale pale palipo na makao ya kale ya Njuri Ncheke. Laiti ningekuwa mhadhiri wa hapo, ningewapeleka wanafunzi wangu kwa miguu kila muhula, si kupiga picha, bali kukaa chini na kusikiliza.

Wapi pa kusoma

Usitarajie kuikuta jerontolojia ikiwa na mlango wake kila chuoni. Katika sehemu zetu mara nyingi imo ndani ya masomo mengine, nawe itabidi uichambue. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kina matawi Meru na Embu, na stashahada yake ya uuguzi huchukua miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, ambacho makao yake yako Meru, hufundisha uuguzi kwa shahada, na jirani yao wa Chuka pia. Hospitali za misheni za Nkubu, Chogoria na Maua zina historia ndefu ya kufunza wauguzi. Anayetaka kujifunza kumhudumia mtu ambaye hatapona aombe nafasi ya kujitolea Meru Hospice. Anayetaka kuona wazee wakiishi pamoja katika makao afunge safari hadi Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na watawa wa Little Sisters of the Poor, au makao ya wazee ya kanisa la PCEA huko Thogoto.

Kwa wanaofika mbali zaidi, Umoja wa Mataifa na serikali ya Malta walifungua mwaka wa 1988 taasisi ya kimataifa ya masuala ya uzee kisiwani humo, mahsusi kwa ajili ya kuwafunza watu wa nchi zinazoendelea. Marekani nayo ina shule kamili ya jerontolojia katika chuo kikuu cha Southern California tangu 1975.

Lakini najua wengi mnaosoma ukurasa huu hamfikirii Malta. Mnafikiria zile kozi za miezi michache za kuhudumia wazee ambazo mabango yake yamejaa mijini, na mzazi ameahidi kuuza ng'ombe. Basi tusemezane wazi. Bango likisema Uingereza, fahamu kwamba tangu Machi 2024 mhudumu wa wazee hakuruhusiwa tena kwenda huko na mke, mume au watoto, na kuanzia tarehe 22 Julai 2025 nchi hiyo iliacha kabisa kuwaajiri wahudumu wapya wa aina hiyo kutoka ng'ambo. Anayekuuzia kozi leo kwa ahadi hiyo anakuuzia mlango uliofungwa. Ujerumani ilitia saini mkataba wa ajira na Kenya mnamo Septemba 2024, ila huko utadaiwa lugha kwanza, na mafunzo ya uuguzi ni miaka mitatu.

Hata hivyo kozi fupi si mbaya kwa sababu ni fupi. Kabla ya kulipa, uliza kama chuo kimesajiliwa na TVETA, na mtihani unatolewa na nani. Cheti cha mwenye chuo peke yake hakitoshi, na baadhi ya vyeti hutolewa chini ya NITA. Kisha uliza swali ambalo wenye vyuo hawalipendi: nitakaa siku ngapi na wazee wenyewe, si na mwanasesere wa plastiki? Mtu hawezi kujifunza kumgeuza mzee wa kilo 80 ubaoni. Uliza pia kama utafunzwa kumtazama anayemtunza mgonjwa. Katika nyumba nyingi za kwetu huyo ni binti mmoja ambaye hakuolewa, au mke wa kitinda mimba, naye huwa amechoka kupita kiasi, na mzee akifinywa au akifokewa, mara nyingi hapo ndipo inapoanzia. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na serikali. Hakikusema jamaa huyo atapumzika lini.

Na kazi ipo hapa hapa? Ipo, ingawa mshahara ni mdogo kuliko wa ng'ambo na sitamdanganya mtu. Familia zilizo Nairobi na ughaibuni hutafuta kila siku mtu wa kukaa na mzazi, na zinapomkosa aliyesoma huajiri yeyote. Sisi pia tulifanya hivyo kabla ya kujua.

Yule binti wa jirani alihitimu, na siku hizi jioni anajifunza Kijerumani. Mama alipopata habari alinyamaza kidogo, kisha akamwambia kwamba aende, lakini kabla ya kwenda afundishe mtu. Basi sasa kila Jumamosi mwanangu mdogo, aliyepewa jina la marehemu baba, akiwa huko hushika saa, na cucu wake hufumbata mikono na kusimama kutoka kwenye kiti mara tano. Jumamosi iliyopita alitumia sekunde 13, akadai saa ni mbovu, akataka arudie.